Je, Wajua? Bwawa la Kirongwe halina ukuta

Mgeni akishuka Kilindoni, kisiwani Mafia, akapanda bodaboda kuelekea kaskazini, akapita Baleni na kuingia Kirongwe, huenda akauliza bwawa la maji la hapa liko wapi. Ataangaza macho kutafuta kilima, tuta, ukuta wa zege wenye nyufa na bomba nene linalochungulia chini yake. Ataona minazi. Bwawa analolitafuta amekuwa akilikanyaga kwa kandambili tangu aliposhuka kwenye boti.

Je, wajua kwamba kisiwa chenyewe ndicho bwawa? Mafia imekalia mchanga na mawe ya matumbawe, vitu visivyojua kuzuia maji. Mvua ikipiga, sehemu kubwa inazama. Huko chini inakutana na maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka kila upande, na hapo uzito ndio unaoamua: lita moja ya maji ya mvua ina kilo 1, ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Gramu 25 tu, lakini zinatosha kuyafanya maji baridi yakae juu na ya chumvi yabaki chini, kama tui zito linavyojitenga na jepesi ukiliacha bakulini. (Maji baridi nasema kwa maana ya watu wa pwani: yasiyo na chumvi, hata kama yanatokota jikoni.)

Je, wajua hesabu yake? Kila mita 1 ambayo maji ya kisima yamesimama juu ya usawa wa bahari ni dalili ya karibu mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Mholanzi Willem Badon Ghijben aliieleza hesabu hiyo mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Alexander Herzberg akaifikia kivyake mwaka 1901 alipokuwa akishughulikia maji ya visiwa vya Bahari ya Kaskazini. Majina yao yamepewa kanuni hiyo mpaka leo. Mchimba kisima wa pwani hana haja nayo. Anachojua ni kwamba ukishayafikia maji, usijifanye shujaa ukazidi kwenda chini.

Hesabu hiyo inafanya kazi kwa kurudi nyuma pia, na hapo ndipo penye shughuli. Vuta maji mpaka uso wake ushuke sentimita 10, na chumvi iliyo chini yaweza kupanda kiasi cha mita 4, ikichongoka kama kichuguu chini ya mdomo wa pampu. Bwawa lisilo na ukuta hupasuka hivyo: halina mshindo, halina mafuriko. Watu wanaamka asubuhi chai ina chumvi.

Na wajua ni chumvi kiasi gani inayotosha? Chukua vikombe 98 vya maji mazuri ya kisima, ongeza 2 vya bahari. Tayari kloraidi imevuka miligramu 250 kwa lita, kiwango ambacho kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani mnywaji huanza kukionja. Vikombe viwili katika mia. Ukifika vitano, hayo mwachie anayefua, naye atakulalamikia kwamba sabuni haitoi povu.

Je, wajua kwamba ndoo na kamba ni mitambo ya usalama? Niliwahi kusimama kando ya kisima kimoja cha kijijini nikimtazama bibi mmoja akiteka, baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za kule nilikotoka. Ndoo yake ilikuwa kopo la rangi lililotobolewa masikio. Aliishusha polepole, ilipogusa maji akaitingisha kamba mara moja kwa kifundo cha mkono, kopo likalala ubavu, likanywa, likazama hadi shingoni, basi. Hakuliacha liende chini. Lililopanda kwanza alilisuuzia, la pili akalimimina kwenye dumu kupitia kitambaa, na kata ya kifuu ikabaki imening'inia kwenye mti wake kwa ajili ya mwenye kiu anayepita. Kuteka namna ile kunachukua maji ya juu tu, tena kidogo kidogo, na kati ya ndoo na ndoo kisima kinapumua. Pampu haipumui. Sisemi turudi kwenye kamba. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20 na shingo ya mtu haikuumbwa kuwa winchi. Nasema anayeweka pampu ajue alichoking'oa. Visima vichache virefu vinavyovuta kwa nguvu mahali pamoja vina hatari kuliko vingi vifupi vilivyotawanyika na kuvuta taratibu.

Je, wajua kwamba visima vilivyo karibu na ufuko hupanda na kushuka pamoja na bahari? Maji yakijaa baharini husukuma yale ya ardhini, yakitoka huyaachia. Siku za bamvua tofauti huonekana kwa macho. Ukienda ndani ya kisiwa, mwendo huo hupungua mpaka ukafifia.

Neno lenyewe nalo lina historia. Je, wajua kwamba "bwawa" kwa Kiswahili cha zamani halikuwa jambo la kujengwa? Lilikuwa mahali penye maji yaliyotuama na matope, palipoota matete. Ukuta ulikuja baadaye na neno likauvaa. Bara kwa wafugaji wanasema lambo. Pwani tulikuwa na birika, neno la Kiarabu, na mbali na chombo cha chai lilikuwa pia tangi la mawe na chokaa, pale msikitini, la kutilia udhu. Kwa hiyo babu aliyekwenda birikani hakwenda kunywa chai.

Je, wajua kwamba Kirongwe inajulikana kwa vyungu? Ufinyanzi ni jadi ya hapo, na mtungi wa udongo ndio bwawa dogo kuliko yote. Uguse mchana wa jua kali: umelowa nje, unatoka jasho. Maji yanapenya kwenye vitundu vidogo vya udongo, yakifika nje yanakauka, na katika kukauka yanaondoka na joto. Mtungi unaovuja kidogo ndio mtungi mzuri. Upake rangi ya mafuta upendeze, na utakuwa umeununua bure, maji yatabaki vuguvugu.

Udongo uleule wa kinamo, ukiwa umetanda chini ya mchanga, huzuia mvua isizame, na ndipo hupatikana vidimbwi na maziwa madogo ya ndani ya kisiwa. Na humo, je, wajua, kuna viboko. Ndiyo, viboko, ndani ya Bahari ya Hindi. Simulizi ya kisiwani ni kwamba walisukumwa na mafuriko ya Rufiji wakaogelea kuvuka, nami siioni ajabu: delta ya Rufiji iko kama kilomita 20 tu kutoka ncha ya Mafia iliyo karibu nayo, na mto ule ukifurika huleta magogo mpaka ufukweni. Aliyeweza kuleta gogo hashindwi kumleta kiboko.

Je, wajua kisiwa kisicho na bahati hiyo kiko wapi? Jibondo, kusini mwa Mafia. Ni jiwe tupu la matumbawe. Maji baridi ya kutosha hayakai. Wanaume wake ni mafundi wa majahazi wanaojulikana pwani nzima, na kwa vizazi maji ya kunywa yalikuwa ya mvua au yalivushwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Fikiria kupanga safari ya maji kwa kutazama upepo na kupwa na kujaa. Kusi lilipokaza, kiu ilisubiri.

Sasa paa. Mafia hupata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili, hesabu rahisi kuliko zote za maji. Nyumba ya bati yenye paa la mita za mraba 50 hupokea lita 95,000 kwa mwaka. Toa moja ya tano iliyoruka, iliyokauka na ile ya kwanza inayosafisha kinyesi cha kunguru, zinabaki lita 76,000. Hayo ni madumu 3,800, zaidi ya 10 kwa kila siku ya mwaka. Tatizo ni kwamba masika huleta sehemu kubwa yake kati ya Machi na Mei, na tangi la kuyaweka mpaka Oktoba ndilo ghali kuliko bati. Makuti nayo hayafai: maji yake hutoka rangi ya chai.

Je, wajua kwamba kimoja cha visima virefu kuliko vyote vilivyochimbwa Mafia hakikutafuta maji? Miaka ya 1950 kampuni za BP na Shell zilitoboa kisiwa kwenda chini zaidi ya mita 3,000 zikitafuta mafuta. Hazikupata cha kuuza. Mwanakijiji anayekomea mita chache tu ndiye aliyepata alichokifuata.

Tuvuke bara, kwenye mabwawa yenye kuta.

Je, wajua kwamba bwawa hufa kwa kushiba? Watu wanadhani ukuta ndio huzeeka kwanza. Mara nyingi ni tumbo. Mto unaingia na tope, maji yanatulia, tope linashuka, halitoki tena. Bwawa la Hombolo, mkoani Dodoma, lilijengwa mwaka 1957 na tope limelila sana tangu hapo. Lina kichekesho kingine: maji yake yana chumvi. Jua la Dodoma linakausha maji karibu mita 2 kwa mwaka, chumvi ya udongo inabaki ndani na kuzidi kukolea. Basi mamia ya kilomita kutoka baharini kuna bwawa la chumvi, na katikati ya bahari kuna Kirongwe yenye maji matamu. Bwawa lililofichwa chini ya mchanga halijui jua.

Mindu, linalowanywesha watu wa Morogoro tangu miaka ya 1980, lina kisa hichohicho cha tope. Mto Ngerengere na vijito vya Uluguru vinateremka na udongo wa mashamba ya mlimani, na sehemu kubwa ya nafasi iliyotengwa kwa ajili ya maji sasa ni ya tope. Ndiyo maana ukaja mpango wa kunyanyua ukuta: sakafu ikipanda, nawe unapandisha dari.

Igombe, la Tabora, ni la mwaka 1958. Kwa zaidi ya miaka 60 mji uliliangalia kila kiangazi kama mgonjwa anavyoangalia dripu, mpaka bomba la Ziwa Victoria lilipofika. Wenye mji wao nadhani bado wanalichungulia kwa mazoea.

Je, wajua adui mkubwa wa tuta la udongo ni nani? Mchwa yumo. Panya buku yumo. Na mti, hata ule mwembe mzuri wa kivuli ambao mtu aliupanda kwa nia njema. Mzizi unapenya tuta ukitafuta maji. Mti ukifa, mzizi unaoza, unaacha bomba la bure. Maji yanaanza kupita humo, kwanza safi. Fundi wa mabwawa hatishwi sana na tuta linalovuja maji safi. Siku yakitoka na rangi ya udongo ndipo anapokimbia, kwani hapo tuta linajila lenyewe kutoka ndani. Kwenye tuta panda nyasi, uzikate, utembee juu yake kila wiki ukiangalia chini. Kazi ya kuchosha, haina picha nzuri ya kuzindua, na ndiyo kazi yenyewe ya usalama wa bwawa.

Kifo cha pili cha tuta ni maji kupita juu. Kila bwawa huhitaji utoro, njia ya kumwaga maji yaliyozidi. Ukizibwa na magogo, au ukiwa ulipimiwa mvua za zamani, maji hupanda kichwani mwa tuta na kulichimba kwa nyuma. Tuta la udongo halivumilii hilo kwa muda mrefu.

Je, wajua Solai? Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la shamba binafsi lilipasuka baada ya mvua kubwa, na watu wasiopungua 47 wakafa. Halikuwa bwawa la taifa wala la umeme. Mabwawa madogo ndiyo hukosa mtu wa kuyatazama.

Na Derna, Libya, Septemba 2023: mabwawa mawili ya miaka ya 1970 yalivunjika moja baada ya jingine wakati wa dhoruba iliyoitwa Daniel, na maelfu wakaondoka na maji kuelekea baharini. Zaidi ya miaka miwili kabla, Januari 2021, taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ilikuwa imetoa ripoti ikionya kwamba mengi ya mabwawa makubwa 58,700 ya dunia yalijengwa kati ya 1930 na 1970, na kwamba kawaida hupimiwa maisha ya miaka 50 hadi 100. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini je, wajua bwawa ambalo kila mtoto wa madrasa Kirongwe amelisikia, pengine bila kujua ni bwawa? Ni la Maarib, Yemen. Sura ya Sabaa inataja mafuriko ya Arim yaliyoangamiza bustani mbili za watu wa Sabaa. Ukuta ule ulihudumu kwa zaidi ya miaka 1,000, ukavunjika na kutengenezwa mara nyingi, mpaka katika karne ya 6 ukaachwa ulivyo. Mmoja wa walioutengeneza, katika miaka ya 540, aliandika kazi yake kwenye jiwe, na jiwe lipo: Abraha. Ndiye yuleyule wa Sura ya Tembo. Wanaomjua kwa tembo wake ni wengi kuliko wanaomjua kwa ukarabati, jambo ambalo mafundi wote wa matengenezo watalielewa.

Je, wajua kwamba Oman wana mabwawa yasiyotakiwa kukaa na maji? Pwani ya Batinah walivuta visima kwa pampu mpaka bahari ikaanza kuingia chini ya mashamba ya mitende. Mwaka 1985 wakajenga bwawa la Al Khoud, karibu na Muscat. Kazi yake ni kuyakamata mafuriko ya wadi yasikimbilie baharini, yatulie tope lishuke, kisha yaachiwe polepole yazame ardhini na kuirudisha chumvi nyuma. Bwawa la ukuta linalolisha bwawa lisilo na ukuta. Ndugu zetu wa Muscat wanaozungumza Kiswahili wamelizoea. Mimi nililisikia nikafikiria Kirongwe moja kwa moja. Hapa mchanga unafanya kazi hiyo bila mshahara, ilimradi usichotwe wote kwenda kujengea.

Je, wajua bwawa kubwa kuliko yote ya Tanzania liko kwenye mto unaomwaga maji mkabala na Mafia? Mto Rufiji, unaokusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, umewekewa ukuta wa mita 131, Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115. Lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Umeme ni neema, sina ugomvi nao. Lakini tope lililokuwa likishuka mpaka kwenye mikoko ya delta, na kulisha mazalia ya kamba wanaovuliwa upande wa huku, sasa lina mahali pa kukaa kabla halijafika. Mvua za masika ya 2024 zilipozidi, bwawa lilibidi kumwaga maji, na mashamba ya Rufiji na Kibiti yakawa ziwa. Wavuvi wa Mafia wataisoma habari ya ukuta ule kwenye nyavu kwa miaka mingi kabla haijachapwa popote.

Je, wajua umbali? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bwawa, ziwa la asili, ukingo wa mto au ufuko. Sasa kama bwawa lako ni kisiwa kizima, mita 60 unazipimia wapi? Kwa mchanga, choo cha shimo na kisima ni majirani wanaozungumza chini kwa chini, na kinachotoka kwa mmoja hufika kwa mwingine. Kuchemsha huua vijidudu. Chumvi haichemki ikaondoka, inazidi kukolea.

Mwisho, je, wajua kwamba Mafia ilikuwa na mji mzima uliopewa jina la kisima? Kisimani, upande wa magharibi wa kisiwa, ulikuwa mji wa biashara karne nyingi kabla ya Kilindoni kuwa Kilindoni. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba huko na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1961. Bahari imekula sehemu kubwa ya mji ule. Maji yakitoka, mchangani huonekana vigae vyekundu, vingine bado vina umbo la mdomo wa mtungi.